Presha kuka ya umeme, lita 6: kilo ya maharage chini ya nusu yuniti

Mimi ni fundi umeme hapa Kigoma, nafunga waya kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na kila nyumba naulizwa: "Fundi, nikipikia umeme si LUKU itaisha leo leo?" Ndiyo maana nilinunua presha kuka ya wati 1000 kwa shilingi 145,000 nikaipima mwenyewe.

Nilichemsha kilo ya maharage ya Kasulu bila kuyaloweka. Nilisoma rimoti ya LUKU kabla na baada: haikufika nusu yuniti. Sababu unaiona kwenye mita. Mwanzoni kile kitaa chekundu kinapepesa haraka haraka. Presha ikishajaa, jiko linajizima, kitaa kinatulia, kisha linawaka tena kidogo kidogo kushikilia moto. Jiko la koili linawaka muda wote, na kwa maharage hayo hayo lilikula karibu yuniti mbili. Niko T1, kundi la bei la wateja wa kawaida, yuniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Wa D1, kundi la watumiaji wadogo, ndiye aangalie zaidi: yuniti 75 za kwanza kwa mwezi anauziwa kama 122, akivuka hapo kila moja inapita 400. Koili itamvusha mapema sana.

Ugali usijaribu. Wali, makande, supu ya kongoro, hapo ndipo kwake. Kitabu cha maelekezo ni Kichina kitupu, na mpira wa mfuniko wa akiba bado nautafuta. Tafadhali, msiichomeke kwenye adapta za bei poa, zinayeyuka.

Kinachoniuma ni bei. Mama anayenunua mkaa wa kopo atatoa wapi 145,000 kwa mkupuo? Natamani jiko hili lilipiwe kidogo kidogo kupitia LUKU, hadi Buhigwe na Uvinza. Ila shirika la umeme linaishi kwa kuuza yuniti. Anayehama kutoka mkaa analiongezea mauzo. Anayeacha koili anayapunguza. Kumwomba mtu agharimie hasara yake mwenyewe haifiki mbali.

Dawa ipo. California mwaka 1982 mdhibiti alitenganisha mapato ya kampuni za umeme na wingi wa yuniti: zikiuzwa pungufu, bei inarekebishwa kampuni ipate kiasi kilichoidhinishwa; zikizidi, ziada inarudi kwa wateja. Ghana mwaka 2007 serikali yenyewe iligawa balbu milioni 6 za kubana matumizi, watu wakarudisha zile za zamani, na mzigo wa jioni ukashuka.

Sisi tunataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na bei ya umeme inaidhinishwa na EWURA, mdhibiti wetu wa nishati na maji. Jiko linalopunguza mzigo wa saa moja jioni linaipumzisha transfoma ya mtaa. Basi gharama yake iruhusiwe kwenye hesabu za bei, kama inavyoruhusiwa ya nguzo, nyaya na transfoma yenyewe.