Nyota nne kati ya tano: siku yangu Grand Detour, alikoanzia John Deere

Mimi nimelima kwa ng'ombe. Nalisema mapema ili msomaji ajue kwamba anayetoa maoni haya hakwenda kupiga picha tu. Nimekulia Maswa, na tangu nina miaka tisa kazi yangu wakati wa kulima ilikuwa kutangulia mbele ya maksai wasipotee mstari, baba akiwa nyuma ameshika plau. Shamba letu lilikuwa nusu kichanga, nusu mbuga. Kwenye kichanga unalima huku unaimba. Kwenye mbuga, mvua ikishagusa, ule udongo mweusi unang'ang'ania chuma mpaka plau inageuka donge. Hatua chache, mnasimama, baba anakwangua kwa kijiti, mnaanza tena.

Leo naishi Moline, jimbo la Illinois. Waswahili tuko wengi huku, hasa ndugu zetu wa Congo na Burundi, na jina la John Deere, kampuni ya matrekta na zana za kilimo iliyoitwa kwa jina la mwanzilishi wake, hulikwepi: liko kwenye majengo, kofia, mpaka fulana za watoto. Katikati ya mji kuna ukumbi wao wa maonyesho ambako watoto wanapanda juu ya matrekta na mashine za kuvunia. Ni pazuri, ila kila kitu kinang'aa. Nilitaka kuona lilikoanzia jambo lenyewe, na lilikoanzia ni kijiji cha Grand Detour, zaidi ya saa moja kwa gari, karibu na Dixon. Jina ni la Kifaransa, kwa sababu Mto Rock hapo unapiga kona kubwa. Nilikwenda na jirani yangu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Safari ya kwanza tulikuta pamefungwa, na kosa lilikuwa letu: tulikwenda wakati wa baridi bila kuangalia ratiba. Angalieni ratiba.

Kuna nyumba ya Deere mwenyewe, kuna jengo lililofunika mahali palipochimbuliwa mabaki ya karakana yake, na kuna karakana iliyojengwa kwa mfano wa ile ya zamani, ambamo mhunzi anafua chuma mbele yenu. Hapo ndipo nilipokwama. Jirani alishazunguka kote akarudi, mimi bado nipo mbele ya fuawe. Harufu ya makaa na chuma cha moto ilinipeleka moja kwa moja kwa mhunzi wetu wa kijijini, aliyekuwa akitunolea ncha ya plau kwa malipo ya kuku. Ukitafuta plau aliyoitengeneza Deere mwaka 1838, hutaikuta hapa, iko makumbusho ya Smithsonian kule Washington.

Kisa chenyewe wengi wanakijua nusu. Deere alikuwa mhunzi kutoka Vermont. Alifika Illinois mwaka 1836 akikimbia madeni. Wakulima waliotoka mashariki walikuja na plau za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, zilizofaa ardhi ya kwao yenye mchanga. Kwenye mbuga za Illinois zilishindwa: udongo uliganda, mkulima akatembea na kijiti cha kukwangulia. Niliposikia habari ya kijiti nilicheka peke yangu. Kumbe baba yangu na mzungu wa mwaka 1836 walikuwa na fimbo moja! Mwaka 1837 Deere alichukua msumeno uliovunjika wa kiwanda cha mbao, akautumia kutengenezea plau yenye uso uliosuguliwa laini, hivi kwamba udongo unateleza na kuanguka wenyewe.

Hapa natoa maoni yangu, na asiyekubali aniambie. Yeye hakuwa wa kwanza. John Lane, mhunzi mwingine wa humo humo Illinois, alishatumia chuma cha msumeno kwenye plau mwaka 1833. Mbona basi hakuna mtoto Moline anayevaa fulana ya Lane? Nadhani tofauti ilikuwa kwenye kuuza. Mhunzi wa enzi zile alingoja mteja aje, aagize, ndipo awashe moto. Deere alitengeneza kwanza, kisha akazipeleka plau kwa watu. Mwaka 1841 alitengeneza 75, mwaka uliofuata 100. Mwaka 1843 alitangaza kwenye gazeti la hapo Grand Detour kwamba plau yake itajisafisha na kung'aa katika udongo wowote na haitakwama hata kwenye ardhi chafu. Ahadi ya namna hiyo haihitaji msomi kuipima. Funga wanyama, ingia shambani kukiwa na tope, baada ya hatua ishirini jibu unalo.

Na wakulima walihitaji kupimiwa, kwani walishachoka na maneno. Huko New Jersey, Charles Newbold aliposajili plau yake ya chuma cha kusubu mwaka 1797, walikuwepo waliosema chuma kinatia sumu ardhini na kuotesha magugu. Ni rahisi kuwacheka. Mimi siwezi. Baba aliwahi kununua ncha mpya kwenye duka moja la pembejeo mjini, muuzaji akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni chuma halisi. Ilipinda kabla hatujamaliza ekari ya pili. Tangu siku hiyo ukimwambia mzee habari ya kifaa kipya, anakuuliza kwanza kimelima shamba la nani.

Mwaka 1848 Deere alihamia Moline, kwenye Mto Mississippi, kupata nguvu ya maji ya kuendeshea mitambo na njia ya meli. Mwaka uliofuata kiwanda kilitoa plau 2,136. Inasimuliwa kwamba alikuwa akibadilisha umbo la plau kila mara, mpaka mshirika wake Robert Tate akachoka: wakulima wachukue tulichotengeneza! Deere akamjibu kwamba hawalazimiki, na wasipoboresha, mwingine atawapita. Wale wa duka la pembejeo natamani wangekuwepo wasikie.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni la nembo. Plau za Moline zilipopata sifa, washindani mjini humo nao wakaziita zao "Moline". Deere akashtaki, na mwaka 1870 Mahakama Kuu ya Illinois ikampa ushindi mshindani: jina la mji halimilikiwi na kampuni moja. Mwaka 1876 kampuni ikasajili alama ya paa anayeruka gogo. Kampuni yenyewe huandika kwamba yule paa wa kwanza anadhaniwa kuwa wa jamii inayopatikana Afrika, na wa Marekani alikuja kuchukua nafasi yake baadaye. Jirani yangu aliposikia alisema, "Kumbe mwenzetu alitangulia kufika!"

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu yangu mwenyewe: nilitaka kusikia zaidi habari za mashine za kupandia, na hizo zina historia yake kwingine. George W. Brown, aliyekuja kuwa na kiwanda kule Galesburg, si mbali na kwetu, alisajili mwaka 1853 planta yake ya mahindi, inayopanda mistari miwili kwa mpigo ikivutwa na farasi. Moline walianza kutengeneza za kwao mwaka 1877, katika kampuni ya Deere na Mansur. Kuuza planta naona kulikuwa na mtihani mkubwa kuliko plau. Plau inajitetea papo hapo. Planta inapita, shamba linabaki kama lilivyokuwa, na mbegu ziko chini hazionekani. Mnunuzi anangoja mvua, anangoja mche utoke, ndipo ajue kama alitoa pesa zake kwa hekima au aliibiwa mchana. Ndiyo maana napenda ule utaratibu uliokuwepo kwa mashine nyingi za enzi hizo, wa kutanguliza kidogo na kumalizia baada ya mavuno. Muuzaji naye analala akiomba mvua.

Kabla ya kuondoka nilimrekodi mhunzi akinyoosha chuma chekundu, nikamtumia mzee WhatsApp na maelezo marefu: msumeno, tope, kijiti, yote. Maswa ilikuwa usiku. Alijibu asubuhi kwa sauti, sekunde chache tu: "Nimeiona. Ncha yake inauzwaje, na ikiisha nyingine inapatikana wapi?"