EliteBook 840 G3 na Windows 11: usiguse mfumo kabla ya diski

HP EliteBook 840 G3 niliyonayo ina i5-6300U, na nimeijaribu kwa Windows 10, Windows 11 na Linux Mint. Kama yako bado ina HDD (diski ya zamani inayozunguka), acha kwanza habari ya mfumo, yaani Windows au Linux. Fungua Task Manager: diski imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikikaa bure. Hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, hata ya GB 240, inakaa palepale ilipotoka HDD. RAM iwe GB 8, na vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha 8. Dukani sema DDR4 ya laptopu, maana 840 G2, iliyotangulia hii, inatumia DDR3L na ukitaja "840" tu unaweza kupewa isiyoingia. Ukishafungua kifuniko cha chini, chomoa kwanza plagi ya betri, iko humohumo ndani.

Sasa Windows 11. Kwa Intel, orodha rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache za cha 7. Hii ni ya kizazi cha 6. Wengi huhangaika kugeuza TPM (chipu ya usalama) kutoka 1.2 iwe 2.0 wakidhani ndiyo kikwazo, kumbe prosesa itakataliwa vilevile. Mbaya zaidi, ukiigeuza wakati BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, imewashwa, mashine itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao mafaili ndiyo basi.

Njia inayofanya kazi ni Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kusakinisha mfumo, toleo la 4.6 au jipya zaidi. Weka flashi ya GB 8 au zaidi (itafutwa yote), chagua ISO (faili la usakinishaji) ya Windows 11, na Rufus ikikuuliza, tiki kisanduku kinachoondoa masharti ya RAM, Secure Boot na TPM. Kisha, ukiwa ndani ya Windows 10, fungua flashi, endesha setup.exe na uchague kubakiza mafaili na programu. Acha nafasi ya GB 30 hivi kwenye C, na nakala ya kazi zako iwe nje ya mashine. Usiporidhika, unaweza kurudi Windows 10 ndani ya siku 10. Usifute folda ya Windows.old, ndimo mfumo wa zamani ulimo, kabla ya hapo.

Viraka (masasisho ya usalama) vya kila mwezi kwangu vinaingia kama kawaida, ingawa Microsoft haikuahidi. Toleo jipya la mwaka ndilo haliji lenyewe: ISO mpya, Rufus tena. Kwa mashine ya mzee nyumbani au ya ofisi isiyo na fundi, siipendekezi.

Hao wabaki Windows 10. Msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025, ila viraka vya ziada vinafika hadi 13 Oktoba 2026. Unahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ni bure ukiruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, la sivyo dola 30. Kiungo cha kujiandikisha kiko kwenye ukurasa wa Windows Update.

Linux Mint 22, mfumo wa bure usio wa Microsoft, ya Xfce (mwonekano mwepesi) ndiyo nyepesi kuliko zote tatu, na viraka vyake vinakwenda hadi 2029. Washa mashine ukibonyeza F9, ingia kwa flashi yenye Mint bila kusakinisha, kisha jaribu Wi-Fi, sauti, na kufunga kifuniko uone kama inaamka. Nyaraka za Word zenye majedwali mengi hupinda kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, kwa hiyo fungua zako mbili tatu hapohapo kabla hujafuta Windows.