Uzoefu wangu na gpxpy: safari moja ya Bagamoyo, hesabu tano tofauti za kilomita

Tulitoka Mwenge Jumapili asubuhi tukiwa sita, tukapiga baiskeli hadi Bagamoyo, tukala, tukarudi. Barabara moja, kundi moja, hakuna aliyechepuka. Jioni kila mtu akatupia kilomita zake kwenye grupu la WhatsApp: 115, 116, 116, 118, 121, na mmoja, ambaye hapa nitamwita Mwalimu, akaja na 124. Shida ni kwamba kulikuwa na dau. Atakayefikisha 120 anakunywa supu ya pweza bure, wengine wanachanga. Wawili wakadai supu, wanne tukagoma. Kwa kuwa mimi ndiye "fundi kompyuta" wa kundi, nikaambiwa nipokee mafaili yote nitoe hukumu.

Ndivyo nilivyoingia kwenye gpxpy, maktaba ya Python ya kusoma na kuchakata mafaili ya GPX, yaani rekodi za safari zinazoandikwa na GPS ya simu au saa. Usiku ule nilitaka tu kitu cha kunitoa kwenye ugomvi. Sasa ni miezi minane, na kila Jumapili jioni naifungua.

Kuiweka hakuna hadithi: `pip install gpxpy`, bando halikushtuka. Ni Python tupu, hakuna cha kukompaili, na ni ya bure kwa leseni ya Apache 2.0. Ukiwa na lxml (maktaba nyingine, ya kusoma XML) kwenye kompyuta inaitumia yenyewe bila kuambiwa, na mafaili makubwa yanafunguka haraka zaidi. Usipokuwa nayo inasoma vilevile, ila utasubiri kidogo.

Kuna watakaouliza: GPX si XML tu, maandishi yaliyopangwa kwa alama, maktaba ya nini? Na mimi niliuliza. Ukilifungua faili kwa notepad unaona kila kitu: latitudo, longitudo, mwinuko, saa. Mistari ishirini ya msimbo wako mwenyewe inatosha kusoma faili la simu yako. Likija la saa ya mwenzako linakuwa limeandikwa kwa toleo 1.0 badala ya 1.1 la mwaka 2004, la mwingine lina vipande vitatu kwa sababu alisimamisha kurekodi mara mbili, la tatu limejaa mapigo ya moyo katikati ya nukta. Mistari ishirini inakuwa mia mbili. Kwa gpxpy nilimaliza hivi:

```
import gpxpy

with open("mwalimu.gpx", encoding="utf-8") as f:
    gpx = gpxpy.parse(f)

for nyayo in gpx.tracks:
    for kipande in nyayo.segments:
        print(len(kipande.points), kipande.length_2d())
```

Urefu unakuja kwa mita. Faili la Mwalimu lilikuwa na nukta elfu ishirini na tatu na ushei, moja kila sekunde, na jumla kweli ilikuwa kilomita 124. Kwa hiyo simu yake haikudanganya kwenye kujumlisha. Nilichukua nukta zile nikazichora kwenye ramani kwa folium, maktaba nyingine ya Python, maana gpxpy yenyewe haichori chochote, na hapo ndipo mambo yalipojiweka wazi. Barabara yote ni mstari mmoja safi, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege. Ukifika Bagamoyo, pale tulipokula samaki, kuna kitu kama uzi uliochezewa na paka. Mwalimu hakuzima kurekodi. Tulikaa chini ya paa la bati saa moja na robo, na muda wote ule simu ilikuwa inabahatisha mahali ilipo: mita moja huku, moja na kitu kule, inarudi, inaruka tena. Nilipopima ule uzi peke yake nikapata kilomita sita na mita mia moja. Alizitembea akiwa amekaa, mkono mmoja kwenye ugali.

Maktaba ina dawa ya hili, `get_moving_data()`. Inakutenganishia muda na umbali wa kwenda, na muda na umbali wa kusimama. Ila usiipokee kama ilivyo. Kikomo chake cha kawaida ni kilomita 1 kwa saa: chini ya hapo umesimama, juu ya hapo unakwenda. Kwa mtembea kwa miguu anayepanda mlima huenda kinafaa. Kwa simu inayoruka mita moja kila sekunde chini ya bati ni kilomita 3.6 kwa saa, kwa hiyo mla samaki anahesabiwa kuwa yuko safarini. Nilipandisha kikomo hadi 5 na karibu uzi wote ukahamia upande wa kusimama:

```
d = gpx.get_moving_data(stopped_speed_threshold=5)
print(d.moving_distance, d.stopped_distance, d.moving_time)
```

Angalia kitu kimoja hapa ambacho kilinipotezea nusu saa. Kikomo unakiandika kwa kilomita kwa saa, lakini `max_speed` inayorudi ni mita kwa sekunde. Niliona "14" nikamwandikia jamaa kwenye grupu kwamba kasi yake ya juu ni 14, akanijibu kwamba hata bibi yake akisukuma toroli anazidi hapo. Zidisha kwa 3.6 kwanza.

Mwalimu akashuka hadi 118 na kidogo. Kile kidogo ni kuyumba kwa nukta njia nzima, simu ikiwa kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Kuna `smooth(horizontal=True)` ya kulainisha na `simplify()` ya kupunguza nukta, na zote zinafupisha safari. Ukizichezea vya kutosha unaweza kumpa mtu kilomita zozote unazotaka, ndiyo maana kwenye hukumu sikuzigusa. `simplify()` naitumia kwa kazi nyingine: kupunguza faili kabla ya kulituma kwa mwenye simu ndogo. Kwa kawaida inaruhusu mstari upotoke mita 10 tu, na nukta elfu ishirini zinabaki mia kadhaa huku ramani ikionekana ileile kwa macho. Lakini inabadilisha data yako papo hapo. Mimi nilipunguza kwanza nikapima baadaye, nikatangaza matokeo, nikaomba radhi. Fanya `gpx.clone()` kwanza, punguza nakala.

Mwinuko ni sura nyingine kabisa. Barabara ya Bagamoyo inafuata pwani, hakuna mlima wa kuongelea. Ila kwenye mafaili yale sita, jumla ya kupanda kwa `get_uphill_downhill()` ilianzia mita 410 hadi 1,300. Maktaba inalainisha kidogo kwa kuchanganya kila nukta na jirani zake, lakini GPS ya simu ikiwa inapanda na kushuka mita tatu kila mara, kilainisho hicho ni sawa na kupuliza moto wa mkaa kwa kanga moja. Na simu mbili zilituweka chini ya bahari. Pale ufukweni zilisoma hasi ishirini na kitu. Niliona aibu kidogo kufikiri ni kosa la msimbo wangu, kumbe simu hizo zinapima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na kwa pwani yetu umbo hilo liko juu ya usawa halisi wa bahari kwa mita kama hizo. gpxpy inakupa namba iliyoandikwa kwenye faili, haijui chochote kuhusu hilo. Safu ya mwinuko nimeifuta kwenye jedwali letu. Mwenye saa yenye kipima shinikizo la hewa ana namba za maana zaidi, azitunze mwenyewe.

Halafu saa. Hili nusura livunje nyumba ya mtu. GPX huandika muda kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Ripoti yangu ya kwanza nilichapa muda kama ulivyotoka: kuanza 03:04. Shem, mke wa mmoja wetu, akaiona ripoti kwenye simu ya mumewe, na kwa hesabu ya Kiswahili 03:04 ni saa tisa usiku. Mume alikuwa ameaga saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilipigiwa simu na wote wawili kwa mpigo. Maktaba haina kosa, muda unaotoka umebeba UTC yake kabisa, ni mimi niliyeivua nikachapa saa tupu. Sasa kila nukta inapitia `astimezone(ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"))` kabla haijaonekana na binadamu. Faida yake nyingine ni kwamba ukijaribu kupima upi umetangulia kati ya muda wenye ukanda wa saa na usio nao, Python inagoma na kukuonyesha kosa badala ya kukupa jibu la uongo.

Mafaili mabovu yapo. Safari nyingine, mmoja wetu simu ilimzimia chaji akiwa Bunju wakati wa kurudi, na faili likakatika katikati ya nukta. `parse` ikakataa na `GPXXMLSyntaxException`. Haijaribu kuokoa kilichopo, na hapo nilitamani ingekuwa na huruma zaidi. Nililifungua kwa mkono, nikafuta kilichobaki baada ya `</trkpt>` ya mwisho, alama inayofunga nukta, nikaongeza `</trkseg></trk></gpx>` za kufunga faili, likasomeka lote.

Na ukipewa faili lililopangwa kwenye tovuti ya kuchora njia, usishangae `gpx.tracks` ikija tupu. Njia iliyopangwa inakaa kwenye `gpx.routes`, alama za mahali kwenye `gpx.waypoints`. Nilimwambia mtu faili lake halina kitu, naye akanitumia picha ya ramani nzima kama ushahidi. Mapigo ya moyo nayo yamo, ila yamefichwa kwenye `extensions` ya kila nukta, chini ya majina marefu yanayoanza na anwani ya tovuti. Yanapatikana, kwa subira. Mafaili ya FIT, aina nyingine ya rekodi za saa za michezo, haisomi kabisa, kwa hayo natumia maktaba ya fitdecode.

Nikirudi kwenye kesi. Baada ya kuwasafisha wote kwa kikomo kilekile, watano tulikaa kati ya 114 na 118 na kidogo. Mwalimu alikubali kwa shingo upande, akisema bati si lake. Aliyebaki ni yule wa 121, na faili lake lilikuwa safi kuliko yote: hakuna uzi, hakuna kuruka, nyayo nyoofu za saa nzuri. Nilipoangalia nukta yake ya kwanza niliikuta Sinza, mlangoni kwake. Aliwasha kurekodi akitoka nyumbani na akazima aliporudi nyumbani. Ningeweza kumkata hadi Mwenge kwa mistari minne, na nilimwambia hivyo.

"Kata," akasema, "ila nionyeshe wapi kwenye dau tuliandika Mwenge."

Nilipanda juu kwenye grupu hadi ujumbe wa Alhamisi. Hatukuandika. Supu ilikuwa ya bakuli kubwa.