Vienna na Budapest kwa treni, usiku tano: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ningepanga vilevile tena: usiku mbili Vienna (Austria), tatu Budapest (Hungaria).

Viza moja ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha nchi zote mbili, ila ombi hupelekwa ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwa mpango huu ni Hungaria. Usiku zikilingana, omba ile unayoingilia kwanza. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Treni za chini ya ardhi za Vienna hazina mageti. Tiketi ya karatasi ya saa 24 igonge muhuri mara moja tu kwenye mashine ya buluu mlangoni; saa zinahesabiwa kuanzia hapo. Isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, hata kama umeilipia, na faini ni nzito. Kutoka uwanja wa ndege, panda treni ya ÖBB (shirika la reli la Austria) hadi Hauptbahnhof, yaani kituo kikuu, dakika kama 15. CAT, treni maalumu ya uwanja wa ndege, ina bei kubwa zaidi na inakushusha Wien Mitte, si kituo kikuu. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Maji usinunue kabisa: ya bomba hutoka chemchemi za milimani, nayo ni matamu.

Railjet, treni ya kasi, hadi kituo cha Budapest-Keleti huchukua kama saa 2 na dakika 40. Tiketi ya bei nafuu (Sparschiene) inafungwa kwa treni moja tu, ukiikosa, imekwenda. Kiti hulipiwa kando, na ni vyema ukilipie, hasa Ijumaa. Baadhi ya treni hizi huanzia mbali, kama Munich au Zürich, kwa hiyo ucheleweshaji wa huko unakufuata hadi Vienna. Usipange kuunganisha ndege siku hiyo. Pasipoti iwe mkononi: Austria ilirudisha ukaguzi wa mpaka huu tangu 2015, nao huwabana hasa wanaorudi Vienna.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya fedha za Budapest. Mashine nyingi za ATM za mitaani kwenye maeneo ya watalii zinakupendekezea kubadilisha kwa sarafu ya kadi yako, kwa kiwango kibaya mno. Kataa, chagua forint (fedha ya Hungaria), benki yako ibadilishe yenyewe. Bora zaidi utoe kwenye ATM iliyo ukutani mwa benki. Mgahawani soma bili kabla ya kuacha bakshishi. Mara nyingi ada ya huduma imeshaingizwa.

Kwa mabafu ya maji ya moto ya Széchenyi, yaliyofunguliwa 1913, panda M1, reli ya chini ya ardhi ya mwaka 1896. Beba ndala na taulo lako. Bwawa la mazoezi ya kuogelea linataka kofia; yale ya maji ya moto hayataki.

Kurudi uwanja wa ndege, basi la 100E lina tiketi yake maalumu, pasi ya siku ya usafiri wa mjini haifai humo. Mwenye pasi apande treni ya chini ya ardhi ya M3 hadi Kőbánya-Kispest, kisha basi la 200E.