Uwanja wa ndege hadi stesheni ya treni ukiwa na familia na mabegi: usafiri upi ulipie, kuanzia ulio bora hadi wa kuacha

Kabla hujashika simu kutafuta usafiri, panga mabegi yote sakafuni uyahesabu, alafu hesabu mikono. Mikono ya watu wazima tu, ya watoto usiihesabu, maana mtoto wa miaka 4 akishuka kwenye ndege usiku analala begani kwa mtu, na huyo mtu anabaki na mkono mmoja. Familia ya watu 4 ambayo kila mmoja ana begi la kilo 23 ina kilo 92, hapo bado vibegi vya mkononi na kigari cha mtoto. Na kila penye ngazi, buti ya gari, geti la tiketi au mlango wa treni, hizo kilo 92 zinanyanyuliwa upya, kwa hiyo ukizinyanyua mara 6 tu umeshabeba zaidi ya nusu tani hata hujakaa kwenye siti yako.

Ndo maana mi sianzi na bei wala dakika. Naanza na swali moja, begi litanyanyuliwa mara ngapi kutoka pale linaposhuka kwenye mkanda wa mizigo mpaka linapoingia kwenye behewa? Orodha yangu yote hapa chini imepangwa kwa swali hilo.

Kitu kingine kabla hatujaenda mbali, jua jina kamili la stesheni unayokwenda. Miji mikubwa mingi ina stesheni kadhaa na zinakuwa mbali mbali. London treni ya kwenda Paris unapandia St Pancras, lakini Heathrow Express, treni maarufu ya kutoka uwanja wa Heathrow, inakushusha stesheni ya Paddington. Paris nako kuna Gare du Nord, kuna Gare de Lyon, kuna Montparnasse, kila moja na treni zake. Soma lile jina lililoandikwa kwenye tiketi yako, ukimwambia dereva "stesheni kuu" atakupeleka anayoijua yeye.

NAMBA 1: Treni inayoanzia uwanjani na kuishia stesheni yako ileile

Kama ipo, chukua hiyo na usisumbuke na zingine. Schiphol pale Amsterdam stesheni iko chini ya ukumbi wenyewe wa uwanja, Zürich hivohivo, na Frankfurt uwanja una stesheni ya treni za masafa marefu kabisa, yaani kwa wengine safari ya kwenda stesheni haipo, unashuka na lifti umefika. Roma kuna Leonardo Express, dakika 32 bila kusimama popote mpaka Termini, stesheni kuu ya mji. Begi linanyanyuliwa mara mbili tu, kupanda na kushuka, na toroli la uwanjani mara nyingi linakufikisha karibu na platifomu.

Ila hapa watu wengi wanaponzwa na jina. Treni kuitwa "ekspresi ya uwanja wa ndege" haimaanishi inafika stesheni yako. Vienna ile treni ya kijani inayotangazwa sana inaishia Wien Mitte, wakati treni nyingi za mbali zinaondokea Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu, na kuna treni za kawaida za shirika la reli zinazotoka uwanjani hapohapo kwenda Hauptbahnhof moja kwa moja. Shanghai treni ya sumaku ya kutoka uwanja wa Pudong inakwenda kasi ya ajabu lakini inaishia Longyang Road, ambapo hamna treni ya kwenda mkoani, unaanza tena upya na metro, zile treni za ndani ya mji. Kwa mtu mmoja mwenye begi la mgongoni hiyo ni raha tupu, kwa baba na mama wenye mabegi manne na watoto wawili ni mnyanyuo wa pili, wa tatu na wa nne.

Kwenye bei uliza nauli za watoto kabla hujakata tamaa. Heathrow Express kwa mfano watoto mpaka miaka 15 wanapanda bure wakiwa na mtu mzima, kwa hiyo nauli iliyoonekana kubwa kwa kichwa kimoja inakuwa nyingine kabisa ukigawanya kwa familia nzima.

NAMBA 2: Gari kubwa ulilolibuku mapema

Kama treni ya namba 1 haipo, au mmetua usiku, au mko watu 5 na kuendelea, basi lipia hili na roho yako itulie. Dereva anakusubiri na karatasi yenye jina lako, begi linaingia kwenye gari mara moja, linatoka mara moja, na yeye anasaidia. Ni ghali kuliko mengi yaliyo hapa, nakubali, lakini bei inakuwa ya gari zima siyo ya kichwa, na unaijua kabla hujaondoka nyumbani.

Sasa hapa nataka tukae kidogo maana ndo watu wanapoingia hasara. Neno "siti 4" halina uhusiano wowote na mabegi. Begi kubwa la kawaida ni kama sentimita 75 kwa 50 kwa 30, hiyo ni lita 112 na kidogo. Gari dogo la kawaida buti yake inaandikwa labda lita 450, ukipiga hesabu unasema mabegi manne yanaingia. Hayaingii. Buti siyo boksi, ina matao ya magurudumu pembeni, mfuniko unashuka kwa mshazari, mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo, na begi ngumu la plastiki halikubali kukunjwa hata kidogo. Uhalisia ni mabegi mawili makubwa na moja dogo, basi.

Sisi yalitukuta. Tulikuwa wanne, mabegi matatu makubwa na moja dogo pamoja na kigari cha mtoto, nikabuku gari dogo kwa sababu simu ilisema siti 4. Dereva kafungua buti, ndani kuna mtungi wa gesi inayoendesha gari umelala kutoka ukuta mpaka ukuta, nafasi iliyobaki ni ya begi moja limesimama kwa ubavu. Tukajaribu kuweka moja siti ya mbele, lingine mapajani kwa mke wangu, mtoto analia, magari ya nyuma yanapiga honi, mwisho dereva mwenyewe akasema kwa upole jamani hili haliwezekani. Tukakansel, tukalipa pesa ya kukansel, tukaanza kutafuta lingine kubwa, na tulipofika stesheni treni ilishaondoka dakika 9 nyuma. Tiketi zetu zilikuwa za treni ile tu, tukanunua nyingine nne upya.

Tangu siku hiyo nikibuku naandika hivi kwenye ujumbe: watu wangapi, mabegi makubwa mangapi, madogo mangapi, kigari kipo, kiti cha mtoto cha umri gani, na naomba picha ya gari likiwa na buti wazi. Mwenye gari zuri anatuma picha bila shida. Alafu uliza mambo matatu, anasubiri dakika ngapi bure baada ya ndege kutua (siyo baada ya muda ulioandikwa kwenye tiketi, hizo ni hesabu mbili tofauti), mpe namba ya ndege aifuatilie mwenyewe, na uliza ukichelewa kwenye foleni ya pasipoti inakuwaje. Foleni ya pasipoti na kusubiri mabegi inaweza kula saa zima au zaidi.

NAMBA 3: Teksi ya foleni rasmi ya uwanjani

Hii watu wanaidharau siku hizi kwa ajili ya simu ila kwa familia mi naipa heshima yake. Unatoka, kuna foleni, kuna mtu anaipanga, na ukimwambia "tuko watano na mabegi" anakuitia gari kubwa hata kama siyo zamu yake. Hubahatishi gari, unaliona kwa macho yako kabla hujapanda. Na baadhi ya miji bei imewekwa na serikali, Paris kutoka Charles de Gaulle ni bei moja kwa gari zima, inategemea tu unakwenda upande upi wa mto Seine, foleni ya barabarani haikuongezei kitu, mabegi hayalipiwi, ila abiria wa 5 anaongezewa. London zile teksi nyeusi hazina buti lakini ndani pana sakafu pana ya kuweka mabegi, na kwa kuwa zimetengenezwa kupokea kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto kinaingia bila hata kukikunja.

Wasiwasi wangu mkubwa kwenye teksi ni kiti cha mtoto, nyingi hawana. Kuna nchi sheria inazisamehe teksi, Uingereza mojawapo, lakini sheria kukusamehe hakubadilishi kitakachotokea gari likigonga breki barabara kuu, kwa hiyo kama una mtoto mchanga beba kiti chako, mashirika mengi ya ndege yanakipokea bila malipo, au rudi namba 2 na uagize gari lenye kiti.

Na yule anayekufuata ndani ya ukumbi anakuambia teksi teksi bosi, huyo muage kwa heshima uendelee mpaka kwenye foleni.

NAMBA 4: Basi la moja kwa moja lenye buti chini

Ninaongelea yale makubwa, ambayo mabegi yanaingia tumboni chini nyie mnapanda juu. Likienda stesheni yako bila kubadilisha ni zuri, minyanyuo miwili tu na ni nafuu. Limeshuka mpaka hapa kwa sababu ya foleni za barabarani na kwa sababu mara nyingi "stesheni" kwao ni kituo cha mabasi upande wa pili wa barabara, kwa hiyo fungua ramani uone ni mita ngapi kutoka basi linaposimama mpaka mlango wa treni. Mpeleke mtoto chooni kabla hamjapanda.

NAMBA 5: Teksi za mtandaoni

Ukiwa peke yako zingekuwa juu. Kwa familia tatizo hulioni gari mpaka lifike, bei inapanda ndege nyingi zikitua kwa pamoja, na viwanja vingi vimezipangia sehemu yao ya kupakia ambayo ni ghorofa ya maegesho au mpaka upande basi dogo kwenda huko, sasa huo mwendo na mabegi ni sehemu ya bei hata kama haupo kwenye simu. Ukiamua kuitumia agiza lile la siti 6 hata kama mko wanne, na usiagize mpaka begi la mwisho liwe mkononi.

NAMBA 6: Metro ya kubadilisha

Kwenye karatasi ndo nafuu kuliko zote na watu wa mjini watakuambia "sisi tunapanda hiyo kila siku". Wanapanda bila mabegi. Swali siyo vituo vingapi, swali ni wapi unabadilisha na kama hapo pana lifti. Laini ya Piccadilly kutoka Heathrow inakufikisha King's Cross St Pancras bila kubadilisha, kama saa moja, na pale juu unafika kwa lifti, hiyo mi naikubali ilimradi siyo asubuhi au jioni watu wakienda na kutoka kazini. Lakini ukiona njia yenye kubadilisha mara mbili na ngazi katikati, acha. Mtu mzima mmoja anapanda na mabegi mawili, anayaacha juu, anarudi kuchukua mengine, na mwenzake chini amebaki na watoto na mizigo, yaani familia imegawanyika kwenye umati mgeni. Hilo ndo linaniogopesha kuliko uchovu.

Jambo linaloweza kuipandisha namba 6 mpaka juu kabisa ni kutuma mabegi peke yake. Japani wameliweza hili, kaunta zipo uwanjani palepale, unakabidhi mabegi makubwa na kwa kawaida yanafika hotelini kwako kesho yake, nyie mnapanda treni na kibegi cha nguo za usiku mmoja na dawa za mtoto. Na kule lina faida ya pili, tangu 2020 kwenye Shinkansen, treni zao za mwendo kasi, za laini ya Tokaido, Sanyo na Kyushu begi ambalo urefu, upana na kina ukijumlisha vinazidi sentimita 160 lazima ulibukie siti yenye nafasi yake. Begi la ndege la kawaida mwisho wake ni 158, kwa hiyo pima na magurudumu na mshikio, siyo kitambaa tu.

NAMBA 7: Gari la kuchangia na wageni wengine

Hapana kwa familia. Linasubiri lijae wakati nyie mshachoka, linazunguka kushusha watu hoteli moja baada ya nyingine, mabegi yenu yakiwa chini ya ya wengine yanatolewa na kurudishwa kila kituo, na saa ya kufika stesheni hakuna anayeweza kukuahidi. Kama pesa ndo imebana kiasi hicho bora namba 4, na kama namba 4 haipo, chelewesha tiketi ya treni mpaka ya mchana unaofuata, chukua ile ya kubadilishika, mlale jirani na uwanja, asubuhi mwende na metro baada ya msongamano kupungua.