Kuongeza Kasi ya Kompyuta ya Nyumbani: Kipi Kinunuliwe Kwanza, Kipi Kiachwe

Kompyuta ya nyumbani inayotumiwa kuandika barua, kutazama video, kufanya hesabu za duka na kuwasaidia watoto katika masomo haihitaji marekebisho mengi, na fedha nyingi za kuiongezea kasi hupotea kwa sababu mnunuzi hakujua ni kifaa gani kinachoichelewesha. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, fungua programu unazozitumia kila siku, kisha ubonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows litafunguka dirisha linaloonyesha mzigo wa prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) na diski (hifadhi ya mafaili). Kinachokaa karibu na asilimia 100 muda wote ndicho cha kushughulikiwa.

Nafasi ya kwanza naipa diski ya SSD, yaani hifadhi ya kisasa ya chipu, bila kusita. Diski ngumu ya zamani husoma data kwa kichwa kinachosogea juu ya sahani zinazozunguka, na Windows inapowaka huomba mafaili madogo mengi yaliyotawanyika, hivyo muda mrefu huishia katika kutafuta tu. SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea. Ile ya SATA, inayochomekwa mahali pa diski ya zamani, husoma hadi takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ilhali diski ngumu ya laptopu mara nyingi hubaki karibu na 100. Zipo za NVMe, aina inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, zenye kasi zaidi, lakini kwa matumizi ya nyumbani tofauti yake ni vigumu kuihisi, na si kila kompyuta ina nafasi ya kuichomeka. Kwa familia nyingi gigabaiti (GB) 256 zinatosha.

Ya pili ni RAM. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na kurasa chache za intaneti zikifunguliwa pamoja huweza kuimaliza. GB 8 ni kiasi kizuri, na 16 ni za anayehariri video. Zingatia kwamba RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, iliyokuja baada yake, na kwamba katika laptopu nyembamba RAM mara nyingi imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. Mwombe fundi aifungue mashine kabla hujalipa.

Usafi nimeuweka wa tatu, ingawa kwa mashine inayochemka na kupiga kelele ndio wa kwanza, kwa kuwa prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe. Kutoa vumbi kwenye feni ni kazi ya gharama ndogo.

Kadi ya picha, yaani kifaa kinachotengeneza picha za kwenye skrini, inawafaa wanaocheza michezo mizito au kuchora kwa 3D. Kubadilisha prosesa, au kuilazimisha ivuke kasi yake ya kiwandani, sikupendekezi kwa kompyuta ya nyumbani: joto na umeme huongezeka, faida ni ndogo. Programu zinazouzwa kwa ahadi ya kuharakisha kompyuta zisinunuliwe kabisa.

Kompyuta za mtumba kutoka maofisi ya nje, zinazouzwa kwa wingi Kariakoo na Nairobi, zinahitaji hesabu ya ziada. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa sehemu kubwa haizikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa mashine ya kizazi cha nne, ninashauri ununue SSD pekee, uweke Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, na fedha zilizobaki uziweke kwa ajili ya kompyuta nyingine.