Kifuniko cha koki ya nje: tazama ukingo kabla ya unene

Koki yangu ya nje ilipasuka ikiwa imevikwa kifuniko cha kuikinga isigande kwa baridi. Kilikuwa kile cha povu gumu chenye umbo la bakuli, na nilikichagua kwa sababu nilikibonyeza dukani nikakiona kinene. Baridi ilipolegea na barafu kuyeyuka, nikasikia maji yakichuruzika ndani ya ukuta. Nilitoka nje nikapitisha kidole kati ya kifuniko na matofali. Kidole kiliingia chote, na upepo nikausikia humo ndani.

Mwanya ule ndio ulionigharimu. Kifuniko hakina joto lake chenyewe. Kazi yake ni kuhifadhi lile joto dogo linalopenya ukutani kutoka ndani ya nyumba. Ukingo usipoushika ukuta pande zote, upepo unalichukua, na hapo unene wa povu haukusaidii. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yale yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa hayana pa kwenda, basi hupasua bomba.

Ndiyo maana nikizipanga njia za kuikinga koki, nafasi ya kwanza siipi kifuniko chochote. Naipa koki ya kampuni ya Woodford, Model 19, na ninaipendelea waziwazi. Mpini uko nje, lakini sehemu inayokata maji iko mwisho wa shina refu, ndani ya nyumba kwenye joto. Ukifunga, maji yaliyobaki kwenye shina yanamwagika yenyewe. Koki nyingi za aina hii zina ugonjwa mmoja: ukisahau mpira wa kumwagilia bustani ukiwa bado umeunganishwa na koki, maji hayatoki, shina linapasuka ndani ya ukuta, na huenda usijue hadi utakapoifungua tena. Model 19 ina valvu ya kupunguza mgandamizo, kwa hiyo haipasuki hata ukisahau. Mpira utoe tu, maana nao unaganda. Mwambie fundi ailaze koki ikiinama kidogo kuelekea nje, la sivyo maji yatasimama.

Ya pili ni valvu ya kufungia ndani, yenye kizibo kidogo cha kutolea maji. Unafunga ndani, unafungua koki ya nje, unalegeza kizibo, maji yanaisha. Koki ya nje iache wazi.

Ya tatu ndiyo vifuniko. Kwa ukuta laini, cha povu gumu cha Frost King kinatosha. Kwa matofali au mawe, zungushia ukingo utepe laini wa povu, kisha kijaribu usiku: weka tochi ndogo inayowaka ndani, kaza, halafu tazama kwa nje. Panapotoka mwanga ndipo panapoingia baridi. Mimi nilihitaji tabaka mbili za utepe upande wa chini, pale ambapo saruji kati ya matofali imezama.

Mifuko ya kitambaa ni rahisi, lakini kamba yake hukazwa nyuma ya koki, kwa hiyo inaitenga na joto la ukuta. Siinunui.

Wauzaji nao wanatuumiza. Picha zao zote zinaonyesha ukuta uliolala kama kioo. Vipimo wanavyoandika ni vya nje, wakati mnunuzi anahitaji kina cha ndani ajue kama mpini utaingia; mpini ukigusa povu, ukingo hauwezi kufika ukutani hata ukaze vipi. Na utabiri ukitangaza baridi, bei inapanda siku hiyohiyo, kwa hiyo nunua mapema, wakati bado kuna muda wa kujaribu na kurudisha. Mimi nilichelewa. Nilipokipeleka changu na kumwonyesha muuzaji ule mwanya, alinijibu kwamba kimeshatumika.